Kwenda Kusiko na Watu

Nyansiongo hakuna mahali pa kuwa peke yako. Ukijificha katikati ya majani chai, kuna mchumaji safu ya pili. Ukishuka mtoni, kuna mtu ananywesha ng'ombe. Ukitoka nje usiku wa manane, jirani atakohoa ili ujue amekuona. Na sisi wa Borabu ndio tunaohesabiwa kuwa na nafasi. Ardhi hii ilikuwa mashamba ya walowezi Wazungu upande wa Sotik, na serikali ilipoanza kuyanunua na kuyakata vipande mwanzoni mwa miaka ya 1960, wazee wetu walipata ekari za kupanda chai, kufuga ng'ombe wa maziwa na kubakiza kona ya mikaratusi. Pita Keroka uingie Kisii kwenyewe ndipo uone ndugu wakigawana urithi kwa kamba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira yetu. Kisii hiyo ni karibu watu elfu moja katika kila kilomita ya mraba. Nyamira ni kama mia sita na sabini.

Basi chama chetu, cha wakulima wanaopeleka majani kituo kimoja, kilipokubaliana kwamba safari hii akiba haitanunua matangi ya maji wala ndama bali itatupeleka matembezi, ombi la wengi lilikuwa moja: twende kusiko na watu. Mama mweka hazina alikuwa ameona Namibia kwenye runinga, twiga wakitembea juu ya mchanga na barabara isiyo na gari hata moja. Mimi, kwa kuwa ndiye katibu, nikatumwa kutafuta habari. Niliporudi nilikuwa na takwimu za kupendeza na bei ya kutisha. Namibia ina watu takriban milioni tatu katika kilomita za mraba 824,000, yaani hawafiki wanne kwa kila kilomita, na katika mbuga ya Etosha mgeni haendi kumsaka mnyama: anakaa kando ya dimbwi la maji na kungoja, kwa sababu kwenye ukame kila mwenye kiu atafika hapo tu. Lakini tiketi ya ndege peke yake ingemeza bonasi ya mtu mzima na ya jirani yake.

Ndipo mzee wetu akaongea. Mzee huyu alikuwa utingo, kisha dereva wa malori, kabla hajarudi nyumbani kwenye chai yake. "Mnahangaika na Namibia," alisema, "Marsabit mmeimaliza?"

Hakuna aliyekuwa ameianza. Kaunti ya Marsabit ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 71,000, inazidi Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na sensa ile ile iliipa watu 459,785. Ni sita au saba kwa kilomita. Sehemu kubwa ya hao wako Moyale na mjini Marsabit kwenyewe. Ukiwatoa, hesabu inakuwa kama ya Namibia. Na njia ya kufika huko inapita Samburu na Isiolo, penye wanyama ambao huwezi kuwaona Maasai Mara hata ukikaa mwaka.

Mara ndiyo iliyokuwa pingamizi. Sisi tuko mlangoni pake: unashuka Sotik, unapita Bomet, unaingia Narok. Karibu kila mtoto wa huku aliyewahi kupanda basi la shule kwenda kuona wanyama alipelekwa Mara au bustani ya Kisumu. Wengine walisema, kama ni simba, simba ni simba. Pingamizi la pili lilikuwa zito zaidi, na lilitoka kwa majirani wasio wanachama: mtu mzima anaachaje majani chai yakomae shambani aende kutazama swala? Kwetu neno safari bado lina harufu ya kazi, matanga au hospitali. Kusafiri kwa ajili ya macho tu kunaonekana ni mambo ya wageni wenye kofia pana. Nilichoka kuwajibu nikaacha.

Palipokuwa na ugumu wa kweli ni kalenda. Mkulima wa chai aliye chini ya wakala wa chai wa KTDA, kama sisi wa kiwanda cha Nyansiongo, hulipwa kidogo kidogo kila mwezi, na donge lenyewe, bonasi, huja mwezi wa kumi hivi, baada ya hesabu za mwaka unaoisha Juni kufungwa. Oktoba ndiyo wakati wa mtu kujisikia tajiri. Lakini Oktoba ndiyo pia mvua za vuli zinapokaribia kaskazini, na mvua ya kaskazini, hata ikiwa haba, inaharibu mpango wa mtazamaji wanyama kwa namna ambayo mtu wa Kisii haielewi upesi. Kwetu mvua hunyesha karibu mwaka mzima, zaidi ya milimita 1,500, na tatizo letu ni ile ya mawe inayopasua majani. Kule nyanda za chini hupata chini ya milimita 250. Ikinyesha, kila bonde lina dimbwi, nyasi zinachipuka mbali na mto, na wanyama wanatawanyika kwenda kusikofikika. Kiangazi kinawarudisha wote mtoni. Kwa hiyo mgeni anayetaka kuwaona anaombea kile kile ambacho mwenyeji anaomba kiishe. Sijui kama kuna namna ya kupanga likizo huko bila kuliona jambo hili kuwa zito kidogo rohoni.

Januari na Februari ni kukavu, lakini ndio wakati wa karo. Juni hadi Septemba ni kukavu pia, na Agosti shule zimefungwa, na baridi ya Julai na Agosti hupunguza majani. Tukachagua Agosti, na kwa kuwa bonasi ingekuwa bado, mama mweka hazina akatukata kila mwezi tangu mwaka uliotangulia. Aliyechelewa alitajwa hadharani kituoni, mbele ya mizani.

Mzee ndiye aliyetupangia njia, na alinifundisha kitu kwa namna yake ya kupanga. Mimi nilikuwa nimeandika siku kwa siku: siku fulani tuko hapa, siku fulani tuko pale. Alichukua karatasi, akaigeuza, akaandika majina upande wa nyuma: Isiolo, Archer's Post, Merille, Laisamis, Logologo, Marsabit. "Haya ndiyo maji," alisema. "Siku zitajipanga zenyewe." Enzi zake, alieleza, kutoka Isiolo kwenda Moyale, kiasi cha kilomita 500, ilikuwa barabara ya mawe na vumbi. Malori yalisubiriana Isiolo yakaondoka kwa msafara wenye askari wenye bunduki, kwa hofu ya majambazi, na abiria walikaa juu ya vyuma vya lori, ng'ombe au magunia yakiwa chini yao. Gari likivunjika springi, mnakaa hapo. Kwa hiyo kila dereva alijua kisima kiko wapi, chumvi yake ikoje, na nani anakimiliki. Lami ilikuja kwa vipande na haikukamilika mpaka Moyale hadi katikati ya muongo uliopita. Leo unatoka Isiolo asubuhi na kula chakula cha mchana Marsabit. Mzee anaiona lami hiyo kama ulaghai mtamu: inakusahaulisha kwamba nje ya kingo zake bado ni nchi ile ile.

Kukodi gari kulitupa somo la ziada. Mwenye gari wa kwanza alitupa bei nzuri, halafu, tulipotaja mbugani, akasema bei hiyo ni ya lami tu. Wa pili alikuwa na van ya watalii yenye paa la kuinuka, matairi mazima mawili ya akiba, na dereva aliyewahi kuendesha Samburu. Alikuwa ghali kidogo. Tulimchukua kwa sababu ya matairi. Mawe ya kule ni ya volkano, na yana makali.

Na viingilio. Hapa panachanganya watu, kwa hiyo nieleze. Samburu ni hifadhi ya kaunti ya Samburu. Buffalo Springs, ng'ambo tu ya mto Ewaso Nyiro, na Shaba iliyo mashariki ya barabara kuu, ni za kaunti ya Isiolo. Marsabit na Sibiloi ziko chini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS. Ni ofisi tatu, na kila moja ina bei zake na njia yake ya kupokea pesa. KWS hailipwi noti mkononi. Unalipia kwenye eCitizen kwa simu, na ni busara kufanya hivyo ukiwa mjini penye mtandao. Raia analipa sehemu ndogo ya anacholipa mgeni, mradi awe na kitambulisho. Tulikubaliana kitambulisho kikaguliwe kabla ya kuondoka Nyansiongo, na kweli kuna mmoja aliyerudishwa nyumbani kwa boda boda kukichukua huku gari likinguruma.

Kulala, tuliamua tulale Archer's Post, nje ya geti. Hoteli zilizo ndani ya hifadhi zina bei za watu wa Namibia. Mjini kuna vyumba safi vya kawaida, chai ya rangi ya kahawia nzito na nyama ya mbuzi. Archer's Post yenyewe ni mji mdogo wa upepo, wenye jina la Geoffrey Archer, afisa wa kikoloni, na jirani yake kuna Umoja, kijiji kilichoanzishwa na Rebecca Lolosoli na wanawake wenzake mwaka 1990, ambamo wanaume hawana boma.

Njia ya kwenda niipitishe haraka: Sotik, Kericho, Nakuru, Nyahururu, Nyeri, Nanyuki. Mpaka hapo bado uko Kenya ya kabichi na viazi. Mambo yanageuka baada ya Timau. Pale juu kuna baridi ya kwetu na ngano hadi upeo wa macho. Kisha barabara inaanza kuteremka, na unapoteremka unavua sweta, halafu unafungua dirisha, halafu unafunga dirisha kwa sababu hewa inayoingia ni ya moto. Mbele yako nchi imelala tambarare, rangi ya ngozi ya simba, na milima imesimama mmoja mmoja bila jamaa. Ndani ya gari watu walinyamaza. Mtu wa Kisii hajazoea kuona mbali. Kwetu macho hugonga kilima cha pili yakarudi.

Tuliingia Samburu alfajiri ya kesho yake tukiwa na kijana Msamburu wa kutuongoza, aliyetafutwa na mwenye nyumba ya wageni. Aliwaamkia wazee wetu kwanza, mmoja mmoja, ndipo akakaa mbele na dereva, na mimi niliyekuwa na daftari akaniita mwalimu hadi mwisho.

Hifadhi yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba 165 tu, na Buffalo Springs ni 131. Siri yake ni mto. Ewaso Nyiro unatoka Aberdare na Mlima Kenya, unapita katikati ya ukame huo ukiwa na mikoma na migunga kandokando, kisha unaishia kwenye kinamasi cha Lorian bila kufika baharini. Kila mnyama anapima maisha yake kwa umbali kutoka maji hayo, na hapo ndipo nilipoiona karatasi ya mzee ikitembea kwa miguu minne.

Chukua swala twiga. Tulimkuta amesimama wima kwa miguu ya nyuma, shingo ndefu ameiingiza kwenye mgunga kana kwamba anasikiliza siri, akila majani ambayo swala wengine hawayafikii. Huyu anaweza kuishi bila kuugusa mto. Maji yake yako ndani ya majani. Choroa, mwenye pembe ndefu zilizonyooka kama mikuki, huacha mwili wake upande joto kiasi ambacho sisi tungekuwa tumelazwa, ili asipoteze maji kwa jasho. Mbuni dume wa kule ana shingo na mapaja ya rangi ya samawati, na twiga wana mabaka yaliyokatwa kwa mistari myeupe, sawasawa, kama sakafu ya vigae.

Kisha pundamilia wa Grevy. Wanamwita kwa jina la Jules Grévy, rais wa Ufaransa wa karne ya kumi na tisa, ambaye alipelekewa mmoja kama zawadi. Ni mkubwa kuliko yule wa Mara, mistari yake ni myembamba, masikio ya mviringo, tumbo jeupe. Wamebaki takriban elfu tatu tu duniani, na wengi wao wako Kenya. Asiyenyonyesha anaweza kukaa hadi siku tano bila kunywa. Mama mwenye mtoto hawezi; hivyo kijana wetu alituonyesha kundi la watoto wa pundamilia wamesimama na dume mmoja aliyeonekana kuchoshwa na kazi hiyo, mama zao wakiwa wamekwenda mtoni. "Nasari," alisema dereva, na gari zima likacheka.

Mmoja wetu hakucheka. Ni Mubasi kwa ukoo, na Wabasi ishara yao ni pundamilia, enchage, kama vile Wamugirango ishara yao ni chui. Ukoo mzima unaapa kwa mnyama ambaye vizazi vingi vya sasa havijamwona, kwa sababu vilima vyetu vilijaa watu na mahindi na chai, na wanyama wakaisha. Mama huyu ana umri wa kuwa na wajukuu. Alisimama kwenye uwazi wa paa la gari, akamtazama pundamilia muda mrefu, kisha akasema kwa Ekegusii kwamba hakujua kuwa masikio yao ni makubwa hivyo.

Chui wa Wamugirango hakutokea. Nilipewa lawama kama katibu.

Ndovu walikuwa wengi. Samburu ndovu wanajulikana kwa majina kuliko baadhi ya wanakijiji wetu, kwa sababu shirika la Save the Elephants, lililoanzishwa na Iain Douglas-Hamilton mwaka 1993, limekuwa likiwafuata hapo miaka yote hii. Mto huo huo unaowalisha hukasirika pia: Machi 2010 ulifurika ghafla ukazoa kambi za watalii na kambi ya watafiti hao. Sisi tuliukuta mwembamba. Mahali fulani palikuwa mchanga mtupu, na ndovu jike alikuwa anachimba kwa mguu na mkonga, taratibu, mpaka shimo likajaa maji. Alikunywa, ndama akanywa, wakaondoka. Walipokwenda umbali wa heshima, choroa akaja kunywa kwenye shimo lile lile. Kijana alisema mto huwa hivi zaidi miaka ya karibuni, na si mvua peke yake: huko juu, Laikipia na Nanyuki, mashamba ya mboga na maua yanavuta maji kabla hayajashuka. Tulikuwa tumepita mashamba hayo jana yake tukiyasifu.

Pia alitusimulia habari ya Kamunyak, simba jike ambaye mwaka 2002 hapo Samburu alichukua ndama wa choroa akamlea badala ya kumla, na alipompoteza akachukua mwingine, na mwingine. Nilikuwa nimeisoma, lakini ni tofauti kusikia kwa mtu ambaye jirani zake walimwona. Mama mweka hazina alisema huyo simba alikuwa na msiba wake. Hakuna mtaalamu aliyetoa maelezo bora kuliko hayo, kwa ninavyojua.

Mazungumzo niliyoyapenda kuliko yote yalitokea mchana, joto lilipotufukuza mbugani tukakaa chini ya mkoma. Kijana alimuuliza mzee wetu:

"Mzee, kwenu mna ng'ombe wangapi?"

"Wawili."

"Pole sana."

"Pole ya nini? Hao wawili wamesomesha watoto."

Kijana alifikiri. "Na shamba?"

"Ekari tano." Mzee alisema hivyo kwa fahari, kwetu ekari tano ni utajiri.

"Na mvua isiponyesha, mnahamia wapi?"

Mzee alifungua mdomo, akaufunga. "Hatuhami," alisema hatimaye. "Hakuna pa kuhamia."

Safari hii kijana hakusema pole. Alituonyesha kwa fimbo nchi iliyo ng'ambo ya hifadhi, ile niliyokuwa nimeiandika kwenye daftari kuwa tupu, akaanza kutaja: pale ni malisho ya kiangazi ya watu fulani, hayaguswi mpaka mwezi fulani, pale kuna kisima cha ukoo fulani, kule mlimani, Ololokwe, ndiko wanakokimbilia mambo yakiharibika. Kila kipande kilikuwa na mwenyewe na wakati wake. Hapakuwa na mtu siku hiyo kwa sababu haikuwa zamu yake. Pundamilia na ndovu nao wamejibanza kwenye mpango huo huo, wakila mahali ambapo ng'ombe wameondoka. Ukiweka ua hapo, kwa kipimo chetu cha ekari tano tano, vyote viwili vinakufa, ng'ombe na pundamilia.

Hata mpango huo una mwisho wa uvumilivu wake. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya maana, mifugo ikafa kwa mamilioni kote kaskazini, na ripoti ya serikali ilihesabu ndovu 205 na pundamilia wa Grevy 49 waliokufa kati ya Februari na Oktoba 2022 pekee. Arubaini na tisa kati ya elfu tatu si haba. Na kuna ubishi juu ya nani apange. Hifadhi za jamii zimeenea huko, nyingi chini ya mwavuli wa Northern Rangelands Trust iliyoundwa mwaka 2004. Zimeleta ajira, walinzi na mambo mema kama makao ya ndovu yatima ya Reteti, yaliyofunguliwa 2016, ambapo kina mama huuza maziwa ya mbuzi ya kunyweshea ndama. Lakini Januari 2025 mahakama ya ardhi na mazingira mjini Isiolo iliamua kwamba mbili kati ya hifadhi hizo, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha Katiba kwa kutowashirikisha wananchi ipasavyo. Kijana wetu alikuwa na maoni yake, na wenzake wa hifadhi hizo mbili bila shaka wana yao. Mimi naona watu waliojipangia maji kwa vizazi wana haki ya kuulizwa kabla ya kupangiwa upya.

Tuliendelea Marsabit. Kilomita kama 230 kutoka Archer's Post, na kwa muda mrefu ni lami, ngamia, na mwanamke mmoja mmoja mwenye mtungi wa njano mgongoni akitembea kutoka mahali usipopaona kwenda mahali usipopaona. Dereva alisimama kila alipoinuliwa mkono wa kuomba maji. Mzee alikuwa ameamuru tubebe mitungi ya ziada kwa ajili hiyo, na kwenye bajeti mama mweka hazina alikuwa ameiandika "sadaka ya njia".

Halafu mlima ukatokea, wenye msitu, wenye ukungu. Marsabit ni volkano ya zamani iliyosimama katikati ya jangwa ikikamata mawingu, na asubuhi pale unahitaji sweta uliyoivua Timau. Mmoja wetu alishuka garini akavuta hewa akasema, "Tumerudi Nyansiongo." Katika mbuga hatukuona wanyama wengi, msitu ni mnene na ndovu wake wana aibu. Anayekwenda kuhesabu wanyama asiende. Aende kuona maziwa yaliyo ndani ya mashimo ya volkano, hasa lile la Gof Sokorte Guda, ambalo Martin na Osa Johnson, wapiga picha za sinema kutoka Marekani, waliliita Paradise na kuishi kando yake kwa miaka kadhaa katika muongo wa 1920. Huko ndiko alikoishi Ahmed, ndovu ambaye pembe zake zilikaribia kugusa ardhi. Rais Jomo Kenyatta alimpa ulinzi kwa amri ya pekee mwaka 1970, askari wakamfuata kama mkuu wa wilaya, na mwaka 1974 akafa kwa uzee wake mwenyewe. Sanamu yake imesimama kwenye Makumbusho ya Taifa Nairobi. Wazee wetu walipendezwa sana na hilo la kufa kwa uzee.

Nje ya mji, upande wa Ulanula, kuna visima vya Waborana. Kabla ya kwenda tuliomba ruhusa, tukapatana malipo, tukaambiwa tusielekeze simu usoni mwa watu wanaofanya kazi. Wanaume wanasimama mmoja juu ya mwingine ndani ya kisima, ndoo inapanda kutoka mkono hadi mkono, na wimbo unashika mwendo ili mkono usichelewe. Ng'ombe wanasubiri kwa makundi, kila kundi kwa zamu yake, na hakuna anayesukumana. Mwenzetu mmoja aliyezoea foleni ya mizani kituoni alisema tungemleta meneja hapa.

Chalbi tuliiona kwa mbali tu, mstari mweupe chini ya mlima. Wengine walitaka tuteremke, tufike Kalacha, North Horr, hata Loiyangalani na Ziwa Turkana, tuingie Sibiloi ambako mifupa ya wanadamu wa kale imechimbwa Koobi Fora. Dereva alikataa, na mzee akamuunga mkono. Ukiwa na gari moja huendi Chalbi. Chumvi ile ya juu inaonekana ngumu, chini yake ni tope, na gari likizama anayekuvuta ni gari lako la pili. Hakuna wa tatu. Mafuta unabeba ya kwenda na kurudi, maji unabeba mara mbili ya unayodhani, unachukua mwenyeji wa North Horr anayejua mwaka huu njia imehamia wapi, na ukiona wingu unageuka.

Nimeandika yote hayo upande wa nyuma wa karatasi, kwa majina ya maji. Tatizo ni gari la pili. Mzee amependekeza kila mwanachama auze ndama mmoja kabla ya Februari, maana Februari jangwa limekauka vizuri. Mama mweka hazina amemuuliza kama amesahau kwamba Februari ni karo.